Uliza Tujibu: Mazoezi yanayoendana na kazi yako na siku yako

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nifanye mazoezi gani, saa ngapi, na muda wenyewe niutoe wapi? Tumechagua saba. Kuna vipimo vichache tutakavyovitumia kote, kwa hiyo tunavieleza hapa mara moja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu yake siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli mikubwa yote. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani la kwamba kila kipande kifike walau dakika 10, kwa hiyo hata dakika 4 za kupanda ngazi zinahesabika. Zoezi ni la wastani ukiwa unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ni kali ukiwa unatamka maneno mawili matatu kisha lazima uvute pumzi. Tukisema raundi, tunamaanisha mfululizo mmoja wa kurudia zoezi kabla ya kupumzika dakika moja au mbili.

Tunaomba kila msomaji aanze kwa kuitazama siku yake: kazi inatumia viungo gani, ni viungo gani inavisahau, na ni saa ngapi hakuna mtu wa kumkatiza. Ratiba inakaa pale. Anayeketi kutwa na anayesimama kutwa hawahitaji zoezi moja, na wengi wanaoacha mazoezi baada ya wiki tatu walikuwa wameazima ratiba ya mtu mwenye siku tofauti na yao.

Kiuno kinauma, kitambi kinakuja

*Habari za kazi, wahariri. Mimi ni dereva wa bodaboda, miaka 31. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Kiuno kinauma na kitambi kimeanza. Nilianza zoezi la tumbo, lile la kulala chali na kuinuka, mara 50 kila usiku, kiuno kikazidi. Muda wa kwenda gym sina. Nifanyeje? — Dereva, Mbagala, Dar es Salaam*

Ndugu dereva, hizo hamsini ziache kuanzia leo. Juu ya pikipiki mgongo wako unapinda mbele kwa saa nyingi huku ukitikiswa na injini na mashimo ya barabara. Ukifika nyumbani ukaukunja mara 50 nyingine, unaongeza kilekile kinachouchosha. Isitoshe, zoezi la tumbo linakaza msuli ulio chini ya mafuta, mafuta yenyewe haliyaondoi. Mwili hauchagui kuchoma mafuta ya mahali ambapo msuli unafanya kazi.

Kuketi muda mrefu kunaweza kukaza misuli ya mbele ya nyonga na kuyafanya makalio yazembee kazi. Ukisimama, kiuno kinabeba mzigo ambao ulikuwa wa makalio. Dawa yake ni mazoezi manne, dakika 12 hivi, siku tatu kwa wiki. Yafanye kabla ya kuoga alfajiri au mara tu unaporudi, kabla hujakaa, kwa sababu ukishakaa huamki.

La kwanza ni daraja. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo sakafuni karibu na makalio. Kaza makalio, inua nyonga hadi mabega, nyonga na magoti vikae mstari mmoja, hesabu tatu, shuka taratibu. Mara 12, raundi mbili. Ukisikia msuli wa nyuma ya paja unabana, nyayo ziko mbali mno, zisogeze. Ukisikia kiuno, umeinua kupita kiasi.

La pili ni kunyoosha mbele ya nyonga. Piga goti moja juu ya khanga iliyokunjwa, mguu mwingine mbele, kaza kalio la upande wa goti lililo chini, kisha sukuma nyonga mbele kidogo. Sekunde 30 kila upande, mara mbili. Kosa la kawaida hapa ni kujibinua mgongo ili uonekane umeenda mbali. Msogeo wenyewe ni wa inchi chache tu.

La tatu ni kuvuta. Jaza maji dumu la lita 10, ambalo litakuwa na uzito wa kilo 10. Weka mkono wa kushoto juu ya benchi, inama ukikunja nyonga huku mgongo umenyooka, vuta dumu kwa mkono wa kulia hadi ubavuni, rudisha polepole. Mara 10 kila mkono, raundi mbili. Dumu liwe limejaa kabisa, maana maji yanayocheza ndani yanakuyumbisha. Kama kilo 10 ni nyingi, anza na dumu la lita 5.

La nne ni pushapu ukiwa umeegemea kingo ya ukuta au benchi la kijiweni. Mara 8 hadi 12, raundi mbili. Usiegemee kiti cha pikipiki iliyosimama kwa stendi ya pembeni. Ukiisukuma kuelekea upande usio na stendi inaanguka, na ekzosi ikiwa ya moto unaungua mguu.

Kijiweni, kila ukimshusha abiria wa tatu au wa nne, shuka nawe. Simama, weka viganja kiunoni, jibinue nyuma polepole mara 5, kisha tembea hatua mia moja. Ni dakika mbili, na kwa kiuno chako tunaiona ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Jumapili, au siku ambayo pikipiki iko kwa fundi, tembea haraka dakika 40.

Kuhusu kitambi, hesabu unachokunywa barabarani. Soda ya chupa ya mililita 350 hubeba takribani gramu 35 hadi 40 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Mbili kwa siku ni vijiko kumi na nane, na hakuna zoezi la dakika 12 linaloweza kuzifuta. Badilisha moja kwa maji kwanza.

Maumivu yakishuka chini ya goti, mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, nenda ukapimwe kabla ya kuendelea. Ukipata ganzi sehemu za siri au makalioni, au mkojo na choo vikakosa udhibiti, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nasimama kutwa, bado nifanye mazoezi?

*Wahariri wapendwa, mimi ni mama lishe, miaka 42. Naamka saa 10 usiku, nabeba ndoo na masufuria, nasimama jikoni mpaka saa 11 jioni, kisha napanda mlima kwenda nyumbani. Kliniki wameniambia nifanye mazoezi. Hiyo kazi yangu siyo mazoezi? Jioni miguu imevimba, nataka kulala tu. — Mama lishe, Kirumba, Mwanza*

Dada yetu, pole kwa kazi. Sehemu ya kazi yako ni mazoezi na inahesabika. Kupanda vilima vya Mwanza kwenda nyumbani, pumzi ikiwa juu, ni mazoezi makali kabisa. Ikiwa unapanda dakika 10 kwa siku, siku sita, una dakika 60 za mazoezi makali, na robo saa tu ya ziada kwa wiki inakufikisha kwenye kiwango. Hukuwa mvivu hata siku moja.

Kusimama pale jikoni, hata hivyo, ni kitu kingine. Damu iliyoshuka miguuni inarudishwa juu na shavu la mguu, na shavu la mguu linasukuma pale tu linapojikaza na kulegea. Ukisimama palepale halisukumi, damu na maji vinatuama chini, miguu inavimba. Kwa hiyo unachohitaji saa za kazi ni kuichezesha miguu. Ukisubiri maji yachemke, inuka kwa ncha za vidole, shuka polepole, mara 20. Fanya hivyo kila saa. Weka tofali au kigoda kifupi, sentimita 10 hadi 15, karibu na jiko, upandishe mguu mmoja juu yake na kubadilishana kila dakika chache. Kiuno kitalegea. Usivae ndala zilizokwisha kisigino, kwa sababu vidole vinakamata kandambili kutwa nzima na ndivyo vinavyokuuma usiku.

Ukifika nyumbani, kabla ya kushika kazi nyingine, lala chali uweke miguu juu ya ukuta kwa dakika 10. Watoto wajue kwamba dakika hizo ni zako.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na zaidi, nawe unaiinua mara nyingi kwa siku. Hapo ndipo wengi wa kazi yako wanapoumia, kwa hiyo zoezi la nguvu tunalokupa linafanana na kazi yenyewe. Simama ndoo ikiwa katikati ya miguu, siyo mbele yako. Sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango kwa makalio, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa kidogo. Shika mpini, vuta pumzi, kisha inuka ukitoa pumzi, ndoo ikisugua karibu na mapaja. Jifunze kwa ndoo tupu wiki ya kwanza, lita 5 wiki ya pili, lita 10 ya tatu. Mara 8, raundi mbili, Jumatano na Jumapili. Ongeza pushapu za ukutani mara 10, raundi mbili, kwa ajili ya kifua na mabega ambayo kazi yako haiyafikishi mwisho wa nguvu zake. Dakika 15 zimekwisha. Ukiizoea, utajikuta unainua ndoo za kazini vilevile bila kufikiri, na hiyo ndiyo faida tunayoitafuta.

Kukimbia huhitaji. Siku ya mapumziko tembea nusu saa mikono mitupu, bila mzigo kichwani, mahali pasipo moshi wa mkaa.

Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa na joto na maumivu, usiunyooshe wala kuukanda; nenda hospitali mara moja, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Miguu yote miwili ikivimba hata asubuhi baada ya kulala, au ukipumua kwa shida, kapime moyo na figo.

Goti na presha

*Habari zenu vijana. Ni mwalimu mstaafu, miaka 67. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi, natumia atenolol kwa ajili ya presha. Daktari kasema nitembee. Baiskeli ninayo. Je, nifanye nini na nini nisifanye? — Mwalimu, Tanga*

Shikamoo mwalimu. Goti lenye maumivu ya umri halilindwi kwa kupumzishwa. Msuli wa mbele ya paja ndio unaolibeba, na ukidhoofika goti linapokea uzito wote peke yake. Linakuuma zaidi ukishuka kwa sababu wakati wa kushuka msuli huo lazima ujikaze huku ukirefuka, na hiyo inalielemea goti.

Zoezi lako kuu ni kiti. Chukua kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 45 hivi, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa mbele kidogo, nyayo chini ya magoti, inuka bila kutumia mikono, kisha kaa ukihesabu moja, mbili, tatu kwa sauti. Mara 5 hadi 8, raundi mbili, siku tatu kwa wiki. Huwezi bila mikono? Ongeza mto juu ya kiti. Baada ya wiki mbili utoe. Magoti yasiingie ndani. Yaelekee kilipo kidole cha pili cha mguu.

Pima maumivu kutoka 0 hadi 10. Mpaka 4 endelea, na hakikisha kesho yake asubuhi goti limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba au linauma kuliko kawaida, punguza idadi kwa nusu, usiache kabisa.

Tembea mahali tambarare dakika 10 mara tatu kwa siku, kwa viatu vyenye kamba. Kwa umri wako ongeza mazoezi ya kusimama bila kuyumba siku tatu kwa wiki, maana kuanguka kunavunja nyonga. Simama karibu na meza ya jikoni, inua mguu mmoja sekunde 10, badilisha, mara 5 kila mguu. Kisha tembea hatua 10 kandokando ya ukuta, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma.

Tunafurahi kwamba una baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli hasa. Inalibebea goti uzito, ilimradi kiti kiwe na kimo sahihi. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke wote. Ukihamia kwenye sehemu pana ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ni sawa. Kiti kikiwa chini mno goti linakunjwa sana kila mzunguko na litalalamika. Ongeza kimo kwa sentimita moja moja, na usipitishe alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba la kiti.

Atenolol inapunguza kasi ya moyo, kwa hiyo usitumie mapigo kupima ukali wa zoezi. Utajiona uko chini kumbe umefika. Tumia kipimo cha kuzungumza. Usibane pumzi unapoinuka, kwani presha inaruka ghafla; kule kuhesabu kwa sauti ndiko kunakukinga. Ukipima asubuhi ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usifanye mazoezi, nenda kituo cha afya. Ukimaliza usisimame ghafla tuli, tembea taratibu dakika tano.

Zamu za usiku

*Mimi ni muuguzi, wiki moja usiku, wiki nyingine mchana. Kila ratiba ninayoanza inavunjika zamu zikibadilika. — Muuguzi, Mombasa*

Acha kupanga kwa siku za wiki. Panga kwa idadi. Weka vipindi vitatu kwa kila siku saba, viwili vya nguvu na kimoja cha kutembea haraka au kuogelea, na uvifanye kwa mpangilio huo bila kujali ni Jumanne au Ijumaa. Kipindi kikikosekana, unakifanya hichohicho safari inayofuata. Kisirundikwe na kingine.

Wiki ya usiku, wakati wako ni baada ya kuamka, saa 9 au 10 alasiri, kabla ya kula chakula kizito na kuelekea kazini. Usifanye zoezi kali asubuhi ukitoka zamu. Joto la mwili na mapigo vinabaki juu na usingizi wa mchana, ambao ni mgumu hata hivyo, unakukimbia. Kutembea polepole hadi kituoni kunatosha. Saa 9 na saa 10 usiku, macho yanapozidi kuwa mazito, panda ngazi za jengo dakika tatu. Hapo nia ni kukuamsha zaidi kuliko kujenga misuli.

Siku ya kwanza baada ya zamu ya mwisho ya usiku, lala na utembee tu. Mtu aliyekosa usingizi anakosea mkao bila kujua, na hapo ndipo anapoumia. Ukikosa wiki mbili nzima, rudi na nusu ya ulichokuwa ukifanya.

Nililipa gym mwaka mzima

*Hamjambo? Nafanya kazi ofisini Upper Hill, naishi Kasarani. Nililipia gym mwaka mzima, nimeenda mara chache. Nikitoka kazini jam inanimaliza. — Msomaji, Nairobi*

Hatujambo. Gym inayokulazimu kugeuza njia huwa haiendwi. Chagua iliyo kati ya kituo cha matatu na ofisi au kati ya kituo na nyumba, na kabla ya kulipa ipitie saa ileile utakayoitumia, uone foleni ya mashine. Lipa mwezi mmoja mmoja hadi uone umekwenda miezi mitatu mfululizo.

Lakini safari yenyewe ina mazoezi ndani yake. Shuka kituo kimoja au viwili kabla, mahali ambapo kutembea ni salama na kuna njia ya miguu, utembee dakika 12 haraka. Kwenda na kurudi, siku tano, ni dakika 120. Jumamosi dakika 40 pale Karura au Arboretum, na umevuka 150. Gym ibaki ya nguvu tu, mara mbili kwa wiki, dakika 40: zoezi moja la kusukuma, moja la kuvuta, moja la kuchuchumaa, moja la kuinama kwa nyonga, na kutembea umebeba vyuma mikononi. Raundi mbili hadi tatu za mara 8 hadi 12, ukiishia pale unapobakiwa na nguvu ya kurudia mara mbili hivi. Ukifika 12 katika raundi zote bila kuyumba, ongeza kilo 2 hadi 2.5. Andika uzito kwenye simu. Asiyeandika hubaki na chuma kilekile mwaka mzima.

Kisukari na mfungo

*Assalaam alaykum. Nina miaka 44, nina kisukari, natumia metformin na glibenclamide. Natembea kila alasiri. Ramadhani nifanyeje? — Msomaji, Unguja*

Waalaykum salaam. Kama unafunga au hufungi ni jambo la kuzungumza na daktari wako wiki kadhaa kabla ya mwezi, kwa sababu glibenclamide inaweza kushusha sukari kupita kiasi na huenda kipimo au saa za dawa zikabadilishwa. Metformin peke yake haina hatari kubwa ya namna hiyo.

Kutembea kwako kwa alasiri kuhamishe. Saa za mwisho kabla ya magharibi ndizo sukari inapokuwa chini zaidi kwa mfungaji, na zoezi linaishusha tena. Tembea dakika 20 hadi 30, saa moja au mbili baada ya futari. Tarawehe nazo ni kuinama na kuinuka, zihesabu. Usiku wa rakaa nyingi huna haja ya kuongeza kitu. Ukiona mwili unatetemeka, jasho la baridi, njaa kali au kuchanganyikiwa, pima sukari. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L fungua hapohapo, hata magharibi ikiwa imebaki dakika 10: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa zaidi ya 16.6 mmol/L fungua pia, na uwasiliane na kituo chako. Kipimo huna? Dalili zinatosha, fungua.

Mwezi ukiisha, jaribu kuigawa ile safari ya alasiri: dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu wakati uleule chakula kinapoipandisha. Kila ukivua viatu, kagua nyayo na katikati ya vidole. Kidonda kidogo usichokisikia ndicho kinachogeuka kikubwa.

Nataka kujiunga na jogging ya mtaani

*Kikundi cha jogging cha mtaani kwetu kinakimbia kila Jumapili alfajiri kwa nyimbo, kama kilomita 10. Nina miaka 28, sijakimbia tangu mchakamchaka wa shule. Nijitose tu? — Kijana, Temeke*

Usijitose kwa kilomita 10. Nyimbo na wenzako vitakufikisha, pumzi haitakuwa tatizo kubwa, lakini mifupa ya muundi na mishipa ya kisigino inachelewa kuzoea kuliko moyo. Wageni wengi wanapata maumivu ya mbele ya mguu katika wiki ya tatu au ya nne kwa sababu hiyo, wakati wenyewe wanajiona wameiva.

Jiunge nao sasa, ila uwaeleze viongozi kwamba utaishia njiani. Vikundi vingi vina watu wa mwendo wa polepole nyuma. Katikati ya wiki, siku mbili zisizofuatana, fanya hivi: tembea dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na utembee dakika 2, rudia mara 8, malizia kwa kutembea dakika 5. Kila wiki punguza kutembea au ongeza kukimbia kwa nusu dakika. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa mwendo ambao unaweza kuitikia wimbo kwa maneno mafupi. Jumapili wiki ya kwanza na ya pili nenda nao kilomita 2, wiki ya tatu na ya nne 3, kisha ongeza moja kila wiki. Kumi utazifikia karibu na wiki ya kumi na moja. Muundi ukiuma ukiubonyeza mahali pamoja palepale, pumzika kukimbia wiki mbili na uendeshe baiskeli. Ukiuma hata usiku umelala, kapigwe picha.

Raba za mtumba zinafaa ukizichagua vizuri. Nunua jioni, wakati mguu umetanuka, na uende na soksi utakazokimbilia. Weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikimaliza, kiache. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi ya pembeni, povu limekufa. Kikunje: kipinde vidoleni, siyo katikati ya wayo. Ukikivaa na kusimama, upana wa kidole gumba cha mkono uenee kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu, na kisigino kisipande ukitembea. Kizoee kwa kutembea siku tatu kabla ya kukimbia nacho Jumapili.